Stanley Matthews, winga aliyecheza hadi miaka 50: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Stanley Matthews alikuwa nani?

Alikuwa winga wa kulia, namba 7, aliyezaliwa tarehe 1 Februari 1915 huko Hanley, mmoja wa miji inayounda Stoke-on-Trent, eneo la Uingereza linalojulikana kwa viwanda vya vyombo vya udongo. Alicheza soka la kulipwa kuanzia 1932 hadi 1965. Klabu zake kwenye ligi ya Uingereza zilikuwa mbili tu: alianza Stoke City, akaenda Blackpool, kisha akarudi Stoke. Ndiye mshindi wa kwanza wa Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa Ulaya wakati huo, mwaka 1956, na ndiye mwanasoka pekee aliyepewa cheo cha Sir akiwa bado anaingia uwanjani. Waingereza walimwita mchawi wa chenga. Alifariki tarehe 23 Februari 2000.

Alianzaje?

Baba yake, Jack Matthews, alikuwa kinyozi na pia bondia. Alimlea mwanawe kibondia: kuamka alfajiri, mazoezi ya kupumua mbele ya dirisha lililo wazi, mazoezi ya kifua, ndipo chai. Ukitaka kujua kwa nini mtu alicheza hadi miaka 50, anzia hapo.

Akiwa na miaka 14 aliitwa timu ya taifa ya wanafunzi. Akiwa na 15 Stoke walimchukua kama tarishi wa ofisi kwa paundi 1 kwa wiki. Siku alipotimiza miaka 17, tarehe 1 Februari 1932, alisaini mkataba wa kulipwa: paundi 5 kwa wiki msimu ukiendelea, 3 wakati wa mapumziko ya kiangazi. Mechi yake ya kwanza ya ligi ilikuwa ugenini dhidi ya Bury, tarehe 19 Machi mwaka huohuo. Msimu uliofuata Stoke walitwaa Daraja la Pili na kupanda.

Alicheza mechi ngapi na kufunga mabao mangapi?

Kwa mechi za ligi peke yake:

Stoke City, 1932 hadi 1947: mechi 259, mabao 51.
Blackpool, 1947 hadi 1961: mechi 379, mabao 17.
Stoke City, 1961 hadi 1965: mechi 59, mabao 3.

Jumla ni mechi 697 na mabao 71. Timu ya taifa ya England: mechi 54, mabao 11.

Ukikuta mahali pengine idadi imepishana, usikimbilie kusema mmoja amedanganya. Tofauti hutoka sehemu tatu. Kwanza, wengine hujumlisha mechi za Kombe la FA (chama cha soka cha England) na wengine hawajumlishi. Pili, msimu wa 1939–40 ulivunjwa baada ya mechi chache kwa sababu ya vita, na matokeo yake yakafutwa, ila baadhi ya watunza kumbukumbu bado wanazihesabu mechi hizo. Tatu, na hili ndilo kubwa, kuna mechi za wakati wa vita, zikiwemo nyingi alizochezea England. Hizo si rasmi. Anayezijumlisha anapata zaidi ya mechi 80 za taifa, na hesabu yake inaonekana nzuri, lakini si ile inayotumiwa na FA.

Mabao 17 katika mechi 379? Si machache sana kwa mtu anayeitwa bora?

Ni machache, na wapo waliomlaumu kwa hilo tangu enzi zake. Ila angalia kazi aliyopewa. Timu za Uingereza wakati huo zilicheza mfumo wa WM: mabeki watatu, viungo wawili wa ulinzi, washambuliaji wawili wa ndani, mawinga wawili na straika mmoja. Winga alibandikwa kwenye mstari wa pembeni. Hakuwa akiingia katikati na kupiga mashuti kama mawinga wa siku hizi wanaocheza upande usio wa mguu wao. Matthews alikuwa wa mguu wa kulia upande wa kulia, na kazi yake iliishia kwenye krosi.

Alipokuwa kijana pale Stoke alifunga zaidi. Tarehe 1 Desemba 1937, England dhidi ya Czechoslovakia uwanja wa White Hart Lane, alitupia matatu mwenyewe katika ushindi wa 5–4. Kwa hiyo kufunga alijua. Alipofika Blackpool na kumkuta Stan Mortensen anayeishi ndani ya eneo la penalti, aliamua kumlisha. Pasi za mabao hazikuwa zikirekodiwa miaka hiyo, ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi yake haipo kwenye jedwali lolote.

Chenga yake ilikuwaje hasa?

Ilikuwa moja, na kila mtu aliijua. Ilikwenda hivi:

1. Anapokea mpira mguuni, pembeni kabisa, na kumgeukia beki wa kushoto wa wapinzani. Hataki pasi ya mbele ya kukimbilia. Anataka mpira usimame.

2. Anamwendea beki taratibu, karibu kutembea, mpira ukiwa umegusana na upande wa ndani wa mguu wa kulia. Beki analazimika kuamua: aingie au arudi nyuma. Wengi walirudi nyuma, na kila hatua waliyorudi ilimpa Matthews eneo.

3. Akiwa hatua mbili hivi kutoka kwa beki, analaza bega la kushoto na mwili mzima kuelekea ndani ya uwanja, kana kwamba anakata kwenda katikati. Mpira unasogezwa kidogo upande huohuo.

4. Beki anahamisha uzito wake kwenye mguu wa kulia ili azibe njia. Hapo ndipo anapokwisha, kwa sababu mguu uliobeba uzito hauwezi kupiga hatua.

5. Matthews anausukuma mpira kwa upande wa nje wa mguu uleule wa kulia, kando ya mstari, na kuondoka.

6. Mita tano za kwanza anazikimbia kwa kasi yote aliyonayo. Baada ya hapo hahitaji kasi tena, kwa kuwa beki ameshageuka vibaya.

7. Anafika karibu na mstari wa goli na kurudisha mpira nyuma. Mpira wa namna hiyo una faida mbili: mabeki wanakimbia wakiangalia goli lao wenyewe, na mshambuliaji aliye nyuma ya mpira hawezi kuotea.

Nimejaribu kumfundisha mtoto chenga hiyo, inashindikana. Kosa liko wapi?

Mara nyingi kosa ni umbali. Akiianza mapema, mita tatu au nne, beki ana muda wa kudanganyika na kurudi sawa. Akichelewa, mguu wa beki unaufikia mpira bila hata yeye kuhama. Weka koni mbili zilizoachana mita moja badala ya beki, na mstari wa chaki hatua mbili kabla yake. Bega lisilale kabla ya mstari huo.

Kosa la pili ni kudanganya kwa kichwa tu. Beki mzuri anaangalia kiuno. Kama kiuno hakikuhama, hajadanganywa.

La tatu ni kuja kwa kasi. Anayekuja mbio hana kasi nyingine ya kuongeza, na chenga hii yote inategemea kutoka polepole kwenda haraka ghafla. La nne ni kusukuma mpira mrefu mno: mguso wa nje unatakiwa upeleke mpira mita mbili au tatu, si saba, la sivyo kiungo wa nyuma anausafisha. Watoto wengi wana uwezo wa kufanya hatua zote ila hii ya mguso, kwa hiyo ianze yenyewe peke yake, mpira na mstari, bila beki.

Kama ilikuwa moja, mbona mabeki hawakuizoea?

Kwa sababu alikuwa anasubiri. Beki akiwahi kwenda nje, Matthews alikata ndani kweli. Beki aliyekariri jibu moja alipewa jingine. Dawa iliyofanya kazi haikuwa ya beki mmoja: timu zilianza kumweka kiungo wa kushoto nyuma ya beki, na mshambuliaji wa ndani wa kushoto akarudi kuziba pasi isimfikie. Ukimkatia mpira, chenga haipo. Hii pia ndiyo sababu alihitaji mshambuliaji wa ndani wa kulia mwenye kumpa mpira mguuni kila mara. Pale Blackpool kazi hiyo aliifanya Ernie Taylor, na bila Taylor fainali ya 1953 isingekuwa ile tunayoikumbuka.

Kwa nini Stoke walimuuza mwaka 1947?

Alikuwa haelewani na kocha Bob McGrory. Haikuwa mara ya kwanza kutaka kuondoka. Mwaka 1938 aliomba kuuzwa, watu wa mji wakaitisha mkutano, wakajaa watu 3,000 ndani ya ukumbi na wengine wakabaki nje, naye akabaki klabuni. Wakati wa vita aliingia jeshi la anga na kupangiwa kituo karibu na Blackpool. Alichezea klabu hiyo kama mgeni, akazoea mji wa pwani na kutaka kubaki.

Mauzo yalifanyika Mei 1947 kwa paundi 11,500, akiwa na miaka 32. Stoke walikuwa mbioni kuchukua ubingwa wa Daraja la Kwanza, ligi ya juu ya wakati huo. Msimu ulikuwa umerefushwa na baridi kali, na mechi ya mwisho ikapigwa Juni 14 ugenini kwa Sheffield United. Wangeshinda, wangekuwa mabingwa. Walifungwa 2–1, wakamaliza wa nne. Stoke hawajawahi kuwa bingwa wa Uingereza hadi leo. Kumuuza winga wako bora zikiwa zimebaki mechi chache za ubingwa ni uamuzi ambao hata kwa macho ya wakati ule haukuwa na utetezi.

Fainali ya 1953 inaitwa Fainali ya Matthews, lakini Mortensen ndiye aliyefunga matatu. Imekuwaje?

Swali la haki, na watu wana kila sababu ya kulalamika kwa niaba ya Mortensen. Hat-triki yake ndiyo pekee iliyofungwa katika fainali ya Kombe la FA kwenye Wembley ya zamani.

Tarehe 2 Mei 1953, Blackpool dhidi ya Bolton Wanderers, watu 100,000, Malkia Elizabeth akiwa jukwaani mwezi mmoja kabla ya kutawazwa. Blackpool walikuwa wamepoteza fainali mbili kabla ya hapo: 4–2 kwa Manchester United mwaka 1948 na 2–0 kwa Newcastle mwaka 1951. Matthews alikuwa na miaka 38 na hana medali ya ushindi wa Kombe la FA. Nchi nzima, ukiacha Bolton, ilitaka aipate.

Nat Lofthouse aliifungia Bolton kabla ya dakika ya pili kwisha. Mortensen akasawazisha, Willie Moir akaipa Bolton uongozi tena kabla ya mapumziko, na dakika ya 55 Eric Bell akafanya 3–1 kwa kichwa.

Huyo Bell ndiye ufunguo wa mechi. Alikuwa kiungo wa kushoto, na aliumia nyama za paja mapema kipindi cha kwanza. Wachezaji wa akiba hawakuruhusiwa wakati huo, hivyo Bolton walimsogeza pembeni mbele akichechemea, na Harold Hassall, mshambuliaji wa ndani, akarudi kucheza kiungo cha kushoto. Kisha Ralph Banks, beki wa kushoto, akaanza kubanwa na misuli. Hesabu upande huo: beki anayekakamaa, kiungo asiye kiungo, winga asiyeweza kukimbia. Na upande huo ndio aliosimama Matthews. Blackpool walichofanya ni rahisi: Taylor alichukua kila mpira na kuupeleka kulia.

Dakika ya 68 krosi ya Matthews ilimponyoka kipa Stan Hanson na Mortensen akaumalizia, 3–2. Dakika ya 89 Mortensen alipiga mpira wa adhabu moja kwa moja wavuni, 3–3. Dakika za nyongeza Matthews akapita kulia, akarudisha mpira nyuma huku akiteleza, na Bill Perry, winga wa kushoto aliyezaliwa Afrika Kusini, akafunga la nne. Kwa hiyo Matthews hakufunga hata moja. Jina lilibaki lake kwa sababu ya nusu saa ile ya mwisho, na kwa sababu watu walikuwa wameshaamua kabla mechi haijaanza kwamba ile ni siku yake.

Mbona mechi 54 tu za taifa katika miaka karibu 23?

Mechi ya kwanza ilikuwa Cardiff dhidi ya Wales, tarehe 29 Septemba 1934, akafunga. Ya mwisho Copenhagen dhidi ya Denmark, tarehe 15 Mei 1957, akiwa na miaka 42 na siku 103. Bado ndiye mchezaji mkongwe zaidi kuwahi kuichezea England. Katikati, vita vilimla miaka saba, tangu akiwa na 24 hadi 31, umri ambao wengine ndio wako kileleni.

Sababu nyingine ni kamati. Kocha Walter Winterbottom aliingia 1946, lakini kikosi kiliteuliwa na kamati ya FA, watu waliobishana na kubadilisha mawazo kila mwezi. Wengine kati yao waliona Matthews anachelewesha mpira. Aliitwa, akaachwa, akaitwa tena.

Alicheza Kombe la Dunia?

Mechi tatu kwa jumla. Mwaka 1950 nchini Brazil hakucheza dhidi ya Chile, na hakucheza Belo Horizonte England ilipofungwa 1–0 na Marekani. Alikuwa ametoka Canada kwenye ziara ya FA na kujiunga na wenzake baadaye. Mteuzi pekee aliyekuwepo, Arthur Drewry, hakutaka kubadilisha timu iliyoshinda mechi ya kwanza. Matthews aliingizwa dhidi ya Hispania, England ikafungwa 1–0 na kurudi nyumbani. Mwaka 1954 Uswisi alicheza sare ya 4–4 na Ubelgiji na robo fainali waliyofungwa 4–2 na Uruguay.

Alikuwemo pia tarehe 25 Novemba 1953, Hungary walipoifumua England 6–3 Wembley.

Ni kweli alipiga saluti ya Kinazi?

Kikosi kizima kilipiga, Berlin, tarehe 14 Mei 1938. Agizo lilitoka kwa wakubwa: balozi wa Uingereza na viongozi wa FA walitaka kuwaridhisha wenyeji. England ilishinda 6–3 na Matthews alifunga bao moja. Picha ya saluti ndiyo iliyodumu kuliko matokeo.

Alishindaje Ballon d'Or akiwa na miaka 41, mbele ya Di Stéfano?

Kwa kura chache: pointi 47 dhidi ya 44 za Alfredo Di Stéfano, Raymond Kopa akiwa wa tatu na 33. Wapiga kura walikuwa waandishi wa habari wa Ulaya walioitwa na jarida la France Football. Mwaka huo Blackpool walimaliza wa pili kwenye ligi nyuma ya Manchester United, nafasi yao ya juu kabisa. Na tarehe 9 Mei 1956 England iliifunga Brazil 4–2 Wembley, Matthews akimsumbua Nílton Santos, mmoja wa mabeki bora wa kushoto waliopata kuishi. Santos alikuwa mdogo kwake kwa miaka kumi.

Kwa haki kabisa, mwaka ule Di Stéfano alikuwa amebeba Kombe la Ulaya la kwanza na Real Madrid. Kura zile zilipima pia miaka 20 iliyotangulia, ambayo haikuwa na tuzo ya kupigiwa.

Alilipwa kiasi gani?

Kidogo, kwa sheria. Ligi iliweka kiwango cha juu cha mshahara ambacho klabu haikuruhusiwa kukivuka: paundi 12 kwa wiki mwaka 1947, 15 mwaka 1953, 20 kufikia 1958. Matthews aliyejaza viwanja alipata sawa na mwenzake ambaye hakuna aliyekuja kumtazama. Kikomo kiliondolewa Januari 1961 baada ya chama cha wachezaji, chini ya Jimmy Hill, kutishia mgomo. Matthews alikuwa na miaka 45 wakati huo.

Kilichomsaidia ni nje ya uwanja: viatu vya mpira vyenye jina lake vilivyouzwa na maduka ya ushirika, hoteli ndogo mjini Blackpool, na matangazo. Moja lilikuwa la sigara, ingawa mwenyewe hakuvuta.

Aliwezaje kucheza hadi miaka 50? Alikula nini?

Hakuna dawa ya siri. Hakuvuta, hakunywa pombe, na alikula kidogo: matunda, mboga mbichi, saladi, juisi ya karoti. Jumatatu alifunga, hakula chochote. Usiige hilo bila kufikiri. Kwake mechi ilikuwa Jumamosi, kwa hiyo Jumatatu ilikuwa siku mbili baada ya mechi moja na siku tano kabla ya nyingine. Mchezaji wa leo mwenye mechi Jumapili jioni na Jumatano atakuwa anajinyima chakula saa ambazo misuli inakihitaji zaidi.

Mazoezi yake ya asubuhi aliyafanya peke yake, ufukweni Blackpool, kabla ya yale ya klabu. Hazikuwa mbio ndefu. Alirudia mbio fupi za mita chache, kuanza na kusimama, kwa kuwa hizo ndizo alizozihitaji uwanjani. Winga anayejichosha kwa kilomita kumi kila siku anajenga pumzi na kupoteza ule mruko wa kwanza.

Jambo la tatu ni viatu. Njumu za Kiingereza za wakati huo zilikuwa za ngozi nzito, zimepanda hadi kwenye kifundo, na kidole cha mbele kigumu. Baada ya kuona zile nyepesi za Amerika Kusini mwaka 1950, aliagiza za kwake zitengenezwe vivyo hivyo. Zilikuwa laini kiasi kwamba zilichakaa baada ya mechi chache tu, naye akazibadilisha bila kujali.

Na alicheza mahali salama. Mtu wa pembeni hana vurugu za katikati, na Matthews hakwenda kukaba. Hilo linasahauliwa sana na wanaotaja karoti.

Ni kweli hakuwahi kupata kadi?

Hapakuwa na kadi. Zilianza kutumika Kombe la Dunia la 1970 na kuingia ligi ya Uingereza 1976. Usemi sahihi ni kwamba refa hakuwahi kumwandika wala kumtoa nje. Alipopigwa teke aliamka, akaomba mpira tena. Vivyo hivyo usiulize aliingia mara ngapi akitokea benchi: wachezaji wa akiba waliruhusiwa kwenye ligi Agosti 1965, miezi sita baada ya mechi yake ya mwisho. Mechi zote 697 alianza.

Kurudi Stoke kulikuwaje?

Oktoba 1961 Stoke walikuwa wanasuasua Daraja la Pili. Kocha Tony Waddington alimnunua kwa paundi 3,500 na kumpa mshahara wa paundi 50 kwa wiki. Mechi ya nyumbani kabla ya kufika kwake ilikuwa na watu 8,409. Ya kwanza akiwepo, dhidi ya Huddersfield, walikuja 35,974. Ada ilirudi siku hiyohiyo.

Msimu wa 1962–63 Stoke walitwaa daraja na kupanda. Kwenye mechi ya kukamilisha, dhidi ya Luton, Jackie Mudie alimpenyezea mpira, Matthews akakimbia peke yake, akamzunguka kipa na kufunga. Lilikuwa bao lake pekee msimu ule, na alikuwa na miaka 48. Ana medali mbili za Daraja la Pili, zimepishana miaka 30, zote za Stoke. Mwaka 1963 waandishi wa soka wakamchagua tena mchezaji bora wa mwaka, tuzo aliyokuwa ameifungua mwaka 1948.

Alitundika daluga lini?

Tarehe 6 Februari 1965, Stoke 3, Fulham 1, uwanja wa Victoria Ground. Alikuwa na miaka 50 na siku 5, na ilikuwa mechi yake pekee ya ligi msimu huo. Hakuna aliyecheza ligi ya juu ya Uingereza akiwa na umri mkubwa zaidi. Mechi ya kuagwa ilikuwa tarehe 28 Aprili, na waliokuja kumuaga ni pamoja na Di Stéfano, Ferenc Puskás na kipa Lev Yashin. Timu ya wageni ilishinda 6–4. Baadaye alisema aliwahi mno kustaafu.

Alifanikiwa kama kocha?

Hapana. Aliongoza Port Vale, majirani wa Stoke, tangu 1965, akiwa na Mudie. Mpango ulikuwa kukuza vijana. Mwaka 1968 klabu ilifukuzwa kwenye ligi kwa kuwalipa vijana kinyume cha taratibu, ingawa ilirudishwa kwa kura. Alikwenda Malta kufundisha Hibernians. Hesabu za ofisini hazikuwa kazi yake.

Ana uhusiano gani na Afrika?

Mkubwa kuliko wengi wanavyojua. Kwa karibu miaka 25, kuanzia 1953, alitumia kiangazi chake kufundisha watoto Afrika: Afrika Kusini, Nigeria, Ghana, Uganda na Tanzania. Mwaka 1957, mwaka wa uhuru wa Ghana, alivaa jezi ya Hearts of Oak mjini Accra na kusimikwa uchifu wa soka kwa heshima.

La kukumbukwa zaidi ni Soweto, Afrika Kusini. Mwaka 1975, ubaguzi wa rangi ukiwa sheria, aliunda timu ya vijana weusi wa shule, wakaitwa Stan's Men, na kuwapeleka Brazil walikotamani kufika. Alitafuta wafadhili mwenyewe na kuondoka nao.

Matthews au Tom Finney?

Finney, winga mwenzake wa England aliyechezea Preston, alifunga zaidi, alitumia miguu yote miwili, na alicheza winga zote mbili hata straika. Ukitafuta mchezaji mmoja wa kujaza nafasi tano, ni Finney. Ukitafuta mtu wa kummaliza beki wa kushoto kwa dakika 90, ni Matthews. Kamati ilipoacha kubishana na kuwapanga wote, Lisbon tarehe 25 Mei 1947, Matthews kulia na Finney kushoto, Ureno walikula kumi bila, na wote wawili walifunga.

Nianze kuangalia mechi gani?

Fainali ya 1953, kipindi cha pili, kuanzia bao la Bell. Usiufuate mpira. Mtazame Banks, namba 3 wa Bolton: miguu yake inavyochelewa, na anavyoanza kurudi nyuma kabla Matthews hajaupokea mpira. Kisha tafuta vipande vya England dhidi ya Brazil, 1956, uone chenga ileile ikifanywa kwa beki ambaye hakuwa na jeraha lolote.